Kikao cha maoni ya uvuvi hifadhini saa 4 asubuhi, siku ya bamvua! Mnamuuliza nani?

Wakuu, hivi vikao vya maoni kuhusu kanuni za uvuvi ndani ya hifadhi za bahari vimefika pabaya. Sheria ya Tanzania ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inataka vijiji vilivyomo hifadhini na vya jirani vishiriki kikamilifu, kupitia halmashauri zao, katika kanuni, mgawanyo wa maeneo na mpango wa usimamizi. Kikamilifu! Mtu kushuka na boti, kusoma vifungu mbiombio, kupiga picha na kuondoka kabla maji hayajamwacha si kushirikisha.

Tuanze na saa. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Ndiyo saa kina mama wako mwambani wanachokoa pweza na kuokota chaza. Na ndiyo saa inayoandikwa kwenye mwaliko. Halafu ripoti inasema mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo, na kifungu cha kufunga mwamba wa pweza kinapita bila mchokoaji hata mmoja kuulizwa ufungwe miezi ipi. Wavuvi wa dagaa nao asubuhi wamelala, wametoka kukesha na taa. Hao wafuateni alasiri za mwezi mpevu, maana usiku wake hawaendi, mbalamwezi inaishinda taa. Wachokoaji waiteni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kukauka sana, tarehe 7 au 8, au 22 za mwezi mwandamo. Kalenda ya mwezi iko kila msikitini, ulizeni tu.

Sasa ramani, na hapa ndipo watu watafungwa. Rasimu ya kanuni inataja mipaka ya maeneo kwa namba za latitudo na longitudo. Mvuvi wa ngalawa anajua alipo kwa kupanga alama mbili za nchi kavu, kisha anapanga nyingine mbili za upande mwingine. Mpeni fungu la mchanga kwa jina lake, mwamba kwa jina lake, na mkondo unaoutenganisha na mwenzake. Hata mwenye GPS hayuko salama. Rasimu ikiandika nyuzi 7.50, maana yake ni nyuzi 7 na dakika 30. Akiingiza nyuzi 7 na dakika 50 amepotea maili 20 za baharini, karibu kilomita 37. Isitoshe, ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa kupimia nafasi uitwao Arc 1960, wakati GPS inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Namba zilezile, ila sehemu inahama mita 300 hivi. Kwenye mpaka wa eneo la kiini, pasiporuhusiwa kuvua kabisa, mita 300 ni chombo kukamatwa, nyavu kuchukuliwa na kesi juu. Rasimu lazima itaje mfumo wa ramani uliotumika.

Mtasema kutawekwa maboya. Mnyororo wa boya hulika pale unapojiburuza chini kwa mawimbi, siku moja unakatika. Boya likishaondoka, mpaka anaujua nani? Andikeni kwamba boya lisipokuwepo hakuna kesi ya kuvuka mpaka hadi lirudishwe, na muandike nani analirudisha na kwa fungu gani la bajeti.

Vifungu vya zana ndivyo vibovu zaidi. "Wavu usiopungua inchi 3" ni inchi 3 zipi? Jicho likivutwa likanyooka, fundo mpaka fundo la mkabala, au upande mmoja wa jicho? Wavu wa inchi 3 kwa kipimo cha kwanza ni inchi 1.5 kwa cha pili. Mvuvi ananunua kwa kipimo kimoja, doria inampima kwa kingine. Na neno "nyavu" peke yake halitoshi kwenye kanuni. Kokoro linalokokotwa linang'oa majani ya bahari na kuzoa samaki wachanga, lipigwe marufuku, simtetei mtu hapo. Jarife, wavu wa kutega wenye macho makubwa, likitegwa chini usiku kucha linaua kasa na nguva, kwa sababu ni lazima wapande juu kuvuta pumzi. Hilo lina hoja yake, liwekewe maeneo na saa. Lakini nyavu ya kuzungushia dagaa kwenye maji makuu haigusi mwamba, inaingizwaje kapu moja na hizo? Dema, mtego wa kusukwa, nalo halihitaji kufutwa. Kenya wamejaribu kuliachia upenyo wa sentimita 3 samaki wadogo watoke, na anayebaki ni mkubwa mwenye bei. Kwa nini rasimu haina hilo?

Kuna pia kifungu cha kukataza kupita eneo la kiini na zana chomboni. Chombo cha tanga kikienda bisho, yaani kuupinga upepo wa kusi, hakichagui njia, lazima kivuke huku na huku. Ruhusuni kupita bila kusimama, nyavu zikiwa zimefungwa.

Wavuvi wa dago, wanaohamia kambi za msimu, wa Kojani huko Pemba na kwingineko, hawaitwi kabisa kwa sababu hawamo kwenye daftari la kijiji. Kanuni itawakuta msimu ukifika, wataivunja bila kuijua, na ugomvi utawaangukia wenyeji.

Tunachodai: rasimu ya Kiswahili ibandikwe dikoni, vyombo vinapoteremsha samaki, na ofisi ya kijiji mwezi mzima kabla ya kikao, pamoja na ramani yenye majina ya mafungu. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kabisa kwamba sahihi ni ya kuhudhuria tu, si ya kukubali. Maoni yapokelewe zana kwa zana, eneo kwa eneo, msimu kwa msimu. Kisha irudi orodha palepale dikoni: hoja hii imekubaliwa, hii imekataliwa, na sababu yake. Kabla ya hapo halmashauri za vijiji zisigonge muhuri.