Wakuu msaada: nichukue kibodi gani? Mikono inaniua

Mchapaji wa Usiku: Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kusikiliza sauti na kuziweka kwenye maandishi, kutwa niko kwenye kibodi. Mwezi wa tatu huu vifundo vya mikono vinauma, ikifika jioni hata kalamu inanishinda. Kuna kibodi ya vipande viwili na kuna ya kipande kimoja iliyopinda. Ipi bora? Majibu ya haraka tafadhali.

Kasuku Mzee: Haraka ya nini, kijana? Sisi tumepiga taipu za chuma, herufi moja unaigonga kama mlango wa mdeni, na hatukuumwa. Nyie mnalaza mikono mezani kama mmechoka kuishi.

Fundi Waya: Mkuu, mzee mwache. Chukua vipande viwili. Unavitenga upana wa mabega, viganja havipindi kwenda nje. Kisha uinue kidogo upande wa gumba, kama unataka kumpa mtu mkono. Ila herufi B itakutesa, ipo pale katikati kibodi inapogawanyika, utaitafuta kwa mkono usio wake. Mimi nilijitia ujuzi nikahamia na Dvorak, mpangilio wa herufi wa mwaka 1936. Sasa nikikaa kwenye kompyuta ya mtu naonekana sijui kusoma.

Mama Pacha: Vile vimiguu vya nyuma ya kibodi vilaze kwanza, vinakunja kifundo. Halafu, ganzi ipo? Mimi ilinipata nikiwa na mimba ya hawa mapacha, nikajifungua ikaondoka. Wewe yako inakuja saa ngapi?

Mchapaji wa Usiku: Vimelazwa. Hayo ya saa hayahusiani dada, nimeuliza kibodi.

Mama Pacha: Jibu.

Mchapaji wa Usiku: Haya. Saa nane usiku naamka mkono umekufa ganzi, naukung'uta weee. Mchana vikombe vinanidondoka. Lakini ya vipande viwili nimeshailipia na hawarejeshi hela. Sikukurupuka, nilisoma sana.

Jicho Kavu: Kumbe umeshanunua! Sasa ulikuwa unauliza nini? Hii chai. Kalamu inamshinda ila anashusha aya nzima bila kukosea herufi. Kesho ataleta picha na namba ya simu. Muuzaji huyu.

Fundi Waya: Hata mimi nimeshtuka.

Mchapaji wa Usiku: Naongea, simu ndiyo inaandika!

Jicho Kavu: Ongeza sukari.

Mama Pacha: Ngojeni. Mkuu, kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi?

Mchapaji wa Usiku: Hicho kizima. Ni gumba, cha shahada, cha kati, na cha pete nusu tu, upande wa kati.

Mama Pacha: Jicho, zima jiko. Neva inayopita katikati ya kifundo mwisho wake ni hapo kwenye nusu ya kidole cha pete. Cha mwisho kina neva nyingine. Muuzaji angeitoa wapi hiyo nusu? Na wewe mkuu, saa nane huchapi, umelala umekunja viganja. Kibodi itakufuata kitandani? Nenda kwa daktari, umuulize na banzi la kunyoosha kifundo usiku. Hilo la vikombe usilicheleweshe, misuli ya gumba husinyaa.

Jicho Kavu: Nimezima. Samahani mkuu.

Kasuku Mzee: Cha pete nusu? Mbona na mimi hivyo hivyo. Miaka yote najua ni uzee.

Mchapaji wa Usiku: Nitaenda. Ila kibodi inafika Alhamisi, mchana si itasaidia kidogo?

Fundi Waya: Anza kuizoea B.