Natafuta baisikeli ya bei nafuu ya kwendea kazini Masese, mvua inyeshe isinyeshe

Mama Zamu (Walukuba, Jinja, Uganda)

Ndugu zangu, naomba msaada kwa wanaozijua baisikeli, maana mimi najua kupanda tu. Nakaa Walukuba, nafanya kazi ya stoo katika kiwanda kimoja upande wa Masese. Ni kama kilomita 4. Boda ananitoza shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Kukiwa na manyunyu anadai 3,000, na mvua ikishuka yenyewe haonekani kabisa. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, karo ya mtoto inaishia kwenye petroli ya mtu mwingine.

Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo natoka bado giza. Nusu ya njia ni lami yenye mashimo, nusu ni maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na nyie mnaijua maramu ya Jinja ikinyeshewa. Navaa gauni au sketi, sivai suruali, na tafadhali mjadala huo tusiufungue hapa. Nabeba chakula changu, na jioni nyingine kilo 10 za unga.

Nina laki nne. Nikijikamua, laki nne na nusu, na humo humo itoke kufuli. Nimezunguka karibu na soko kuu nikaonyeshwa aina tatu: zile nyeusi mpya za Kihindi, za gia zilizotumika Ulaya, na za Kijapani zilizotumika zenye kikapu mbele. Kila muuzaji anaapa yake ndiyo ngumu. Shemeji yangu kashikilia ninunue ya gia, eti ina gia 21. Njia yangu karibu yote ni tambarare. Gia 21 nitapandia wapi?

Wa Mpakani (Busia)

Dada, chukua nyeusi usipoteze muda. Boda boda yenyewe ilianzia huku kwetu mpakani kwa baisikeli za namna hiyo, watu na magunia vikivushwa kabla pikipiki hazijaja. Tairi zake, 28 kwa 1½, utazikuta hata kwenye kibanda cha sabuni na chumvi. Keria ni ya chuma kitupu. Fundi yeyote, hata wa kijijini asiyejua kusoma, anaifungua na kuifunga. Na iko ya kike, ile isiyo na bomba la juu, uliza vizuri. Ni nzito, sawa, lakini wewe hushindani na mtu.

Fundi Bugembe

Mama Zamu, shemeji yako mwache na gia zake. Mimi nashinda kando ya barabara ya Iganga nikitengeneza hivi vyuma, nakwambia ninachoona kikiletwa.

Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, baisikeli za gia ndizo zinazonilipia kodi ya kibanda. Cheni yake iko wazi, na kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kinaning'inia chini chini. Maramu ikichanganyika na oili inakuwa msasa: inakula cheni, inakula meno, mwenyewe anakuja analalamika kwamba pedali zinaruka. Tena nyingi zinafika hapa zikiwa zimeshachoka huko zilikotoka. Ukitaka kuhakikisha, nenda na futi ya fundi cherehani. Anza kwenye pini moja ya cheni, hesabu mpaka ya 24 mbele yake. Cheni nzima inasoma inchi 12 barabara. Ikisoma inchi 12 na moja ya nane, imekwisha, na ukifunga mpya juu ya meno yaliyoliwa itaruka vile vile.

Kwa safari fupi ya kila siku ningekagua breki kabla ya kitu kingine chochote. Hapo ndipo namgusa kidogo mzee wa Busia. Nyeusi ni ngumu kweli, ila rimu zake ni chuma kilichopakwa kromu. Zikilowa, raba za breki zinateleza juu yake, na mahali ulipozoea kusimama unapapita. Wanaozipanda wanajua kubana breki kidogo kidogo mapema ili rimu ijifute maji kwanza. Mgeni hajui, anajifunza siku trela la miwa limesimama ghafla mbele yake. Rimu za alumini zinashika vizuri zaidi kwenye maji. Muuzaji akikwambia ni alumini, usibishane naye: mimi natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Ikinasa, ni chuma.

Kwa njia yako mimi ningechukua ya Kijapani yenye kikapu. Bomba lake limeshuka chini, unapanda na gauni lako bila sarakasi. Madigadi ni ndefu, mbele na nyuma. Tafuta ambayo cheni imefunikwa na kava, sketi hainaswi na matope hayaingii kirahisi. Breki ya nyuma iko ndani ya kibuyu katikati ya gurudumu, haihangaiki na rimu kulowa. Nyingine zina gia 3 zilizofichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na 3 zinakutosha.

Halafu kuna giza. Jua la huku linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima, kwa hiyo taa si pambo kwako. Nyingi zina dainamo ya chupa, ile inayosugua tairi. Tairi likiwa na matope inateleza na taa inakufa. Ukibahatika kupata yenye dainamo ndani ya habu ya mbele, ishike. Inua gurudumu, lizungushe kwa nguvu, taa iwake. Isipowaka usikate tamaa haraka, angalia waya kwanza, mara nyingi umekatika tu, na hapo ndipo pa kupunguziwa bei. Lakini taa ya dainamo inazima ukisimama. Nyuma weka riflekta na taa ndogo ya betri.

Wa Kisenyi

Fundi anawasema vibaya watu wa gia. Mimi niko Kampala, nakaa Makindye, kazi Kisenyi. Jioni nirudi mlima ule na hiyo ya kikapu? Nitaisukuma kama toroli. Gia zina kazi yake.

Fundi Bugembe

Ndugu, wewe una mlima, wewe nunua gia. Mama huyu anakwenda Masese, ziwani.

Sista wa Zamu (Mbale)

Mama Zamu, mimi ni nesi, naendesha kwenda hospitali mvua na jua. Baisikeli ikishakuwa nzuri bado wewe mwenyewe unalowa. Koti refu la mvua lisilofungwa linapepea na kuingia kwenye spoku, nimeona mtu kaanguka hivyo. Nunua koti fupi na suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nguo, ukifika unavua (samahani, nimetaja suruali). Viatu vya kazi viende ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) kwenye kikapu, njiani vaa gambuti au ndala. Na kata kipande cha jerikeni kuukuu ukifunge mwisho wa madigadi ya mbele, kishuke karibu na ardhi. Matope yanayochafua miguu hutoka gurudumu la mbele, watu wanalaumu la nyuma bure.

Mama Zamu

Sista, suruali ya mvua nimeikubali, haina mjadala.

Fundi, nimerudi sokoni na futi na sumaku, vijana wakanicheka lakini nikaendelea. Nimepata ya Kijapani ya bluu. Sumaku haikunasa rimu. Kava la cheni lipo zima. Dainamo ni ya ndani, taa inawaka. Gia hazipo, ni moja tu. Wanataka 380,000. Wasiwasi wangu ni viwili: breki ya nyuma ikishika inapiga kelele mpaka watu wanageuka, na tairi la nyuma limeanza kupasuka pembeni. Muuzaji anasema tairi za 26 zimejaa Jinja nzima. Limeandikwa 26 x 1 3/8.

Fundi Bugembe

Umefanya kazi nzuri. Tuanze na tairi, maana hapo ndipo mtu anapouziwa mbuzi kwenye gunia. 26 zimejaa, kweli, lakini nyingi ni za baisikeli za gia, zimeandikwa 26 x 1.95 au 2.1. Hizo haziingii kwenye rimu yako. Zote zinaitwa 26 na rimu zake hazilingani. Usitazame inchi, tazama ile namba ndogo pembeni: yako itasomeka 37-590, ya gia inaishia na 559, na nyeusi ya mzee wa Busia inaishia na 635. Tafuta ya 590 kabla hujatoa pesa, ijue bei yake, kisha uikate kwenye hiyo 380,000. Tairi lililopasuka pembeni halizibwi. Atakayekushonea anakupa siku chache tu.

Kelele: breki za namna hiyo nyingi hupiga kelele na bado zinafanya kazi. Jaribu hivi: panda, kimbia kidogo kwenye tambarare, bana ya nyuma peke yake. Gurudumu likisimama, kelele ni ya kuzoea. Likiendelea kuzunguka, ukanda wa ndani umeisha, ubadilishwe. Cha muhimu, asije mtu akakuwekea oili humo ndani ili inyamaze. Itanyamaza, na haitashika tena. Nimeletewa nyingi za hivyo.

Gia moja isikutie hofu kwa njia ile.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: namba ya fremu, huwa imegongwa kwenye bomba chini ya siti au chini ya pedali. Iandikwe kwenye risiti. Na kama muuzaji hana duka, ni mtu tu kasimama na baisikeli, mkaandikiane kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, mbele ya mashahidi. Baisikeli ya wizi ikikutwa nawe, wewe ndiye utakayeeleza.

Mama Zamu

Nimeteremsha mpaka 345,000 kwa sababu ya tairi. Ya 590 nimeipata duka la tatu, wawili wa kwanza walitaka kuniuzia ya gia. Kufuli nalo bado pesa yake ipo.

Wa Mpakani

Hongera. Ila hicho kikapu hakibebi kilo 10 za unga, kitalegea mwezi huu huu.

Fundi Bugembe

Hapo mzee yuko sahihi. Unga ukae kwenye keria ya nyuma. Kata tyubu kuukuu kwa urefu upate kamba mbili za mpira, pitisha moja kulia na nyingine kushoto, na fundo liwe juu ya mfuko, mbali na spoku. Tyubu za kukata ninazo, pita kibandani uchukue bure.