Wageni wa Desemba: Bucks County kuna nini?

MamaWawili: Habarini ndugu. Wifi yangu na wanawe wanatoka Morogoro kuja kwetu Philadelphia wiki ya Krismasi. Mkubwa anapenda sana historia. Niwapeleke wapi Bucks County?

MkaziLevittown: Karibuni sana dada. Tarehe 25 mchana nendeni Washington Crossing. Kila Krismasi watu huvaa sare za 1776 na kuigiza Jenerali George Washington, katika vita vya uhuru wa Marekani, alivyovusha askari 2,400 mto Delaware usiku, wakawavamie Wahesse (askari wa Kijerumani waliokodiwa na Waingereza) kule Trenton. Mto ukijaa au upepo ukizidi hawavuki, lakini hotuba zinakuwepo. Vaeni buti, ukingoni pana baridi kali.

Siku nyingine pandeni treni ya SEPTA hadi Doylestown. Jumba la Mercer Museum ni zege tupu, lilikamilika 1916. Mkiingia inueni macho: mashua ya kuwindia nyangumi inaning'inia hewani, pamoja na gari la farasi! Mimi hukawia kwenye vyumba vya mafundi, kuna randa za seremala na vifaa vya mshona viatu. Yule kijana atataka kulala humo. Fonthill, nyumba ya Henry Mercer mwenyewe, aliyejenga jumba hilo, imejaa vigae hadi darini. Tiketi kateni mapema, na ngazi ni nyingi kwa mwenye magoti mabovu.

BintiTanga: Jioni wapitishe Peddler's Village, kijiji cha maduka kule Lahaska. Taa zinapendeza, na kuna mashindano ya nyumba za biskuti za tangawizi.

MamaWawili: Asanteni! Mercer siku ya Krismasi yenyewe?

MkaziLevittown: Wanafunga, dada. Nendeni tarehe 27.