Mjadala: Anayejifunza kutengeneza biti aanzie kwenye kompyuta au kwenye mikono yake?

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo linalozidi kuwagawa wenye studio, wazazi na vijana wenyewe hapa Arusha na kule Moshi. Je, kijana anayetaka kujifunza kutengeneza biti, yaani muziki wa ala unaobeba wimbo, awekwe mbele ya kompyuta tangu siku ya kwanza, au kwanza afundishwe kusikia, kuhesabu na kupiga mdundo kwa mikono, miguu na sauti yake? Swali hili si la wanamuziki peke yao. Elimu ya amali imepewa nafasi mpya katika shule zetu tangu Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, vikundi vya vijana vinawaza kuomba mikopo ya halmashauri ili vinunue vifaa vya studio, na mzazi anayelipia mafunzo ana haki ya kujua mwanawe anajengewa nini.

Msimamo wangu ni kwamba mikono itangulie. Nafundisha vijana kazi hii, na nitaeleza sababu yangu kwa kirefu kwa kuwa imo ndani ya programu yenyewe.

Programu iliyoenea sana mitaani kwetu ni FL Studio, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Ukiifungua, unakutana na safu za visanduku 16 kwa kila ala: safu ya kiki (ngoma nzito ya chini), safu ya sneya (ngoma yenye mlio mkali), safu ya hai-hati (matoazi). Unabonyeza kisanduku, pigo linakaa hapo. Mpangilio huo una historia, kwani mashine ya ngoma ya TR-808, iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980, nayo ilikuwa na vitufe 16 vilivyopangwa katika mstari mmoja. Visanduku hivyo ni mapigo manne, kila pigo likiwa limegawanywa mara nne. Kwa hip hop iliyoipa Arusha jina, hesabu hiyo ni ya nyumbani kabisa na sina ugomvi nayo.

Tatizo linaanza pale kijana anapotaka kuleta ngoma. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki huenda kwa mapigo yanayogawanyika kwa tatu, si kwa nne. Hebu jaribuni hapo mlipo: hesabuni moja hadi kumi na mbili kwa mwendo ulio sawa, mguu ukanyage kwenye 1, 4, 7 na 10, na viganja vipige kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Mguu na viganja vinakutana kwenye 1 na 7 tu, na kati ya hapo vinapishana. Katika kupishana huko ndiko kuliko na mwendo unaowainua watu vitini. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma hulifanya hilo bila kuhesabu chochote.

Sasa mpe kijana asiyelijua aliweke kwenye visanduku 16. Pigo la pili la viganja linatakiwa liangukie mahali palipo kati ya kisanduku cha 3 na cha 4, na la tatu kati ya cha 6 na cha 7. Programu haiachi pigo lining'inie. Inalivuta hadi kwenye kisanduku kilicho karibu. Matokeo yake, viganja vilivyokuwa na nafasi zilizo sawa vinakuwa na nafasi ya visanduku vitatu, kisha viwili, kisha vitatu. Kila pigo lililovutwa limekosea kwa theluthi moja ya kisanduku. Kwa tempo ya 100, yaani mapigo 100 kwa dakika, kisanduku kimoja ni milisekunde 150, kwa hiyo kosa ni milisekunde 50, na sikio la mtu yeyote mwenye kucheza ngoma linalihisi kosa hilo hata kama hawezi kulieleza. Mdundo unachechemea. Kijana anasikia kwamba kuna kitu hakijakaa, anadhani tatizo ni sauti ya ngoma aliyochagua, anabadilisha sauti, anaongeza sauti nyingine juu yake, na mwisho anaacha kabisa na kurudi kwenye mdundo ule ule anaoutengeneza kila mtu.

Silaumu programu. FL Studio toleo la 20, la mwaka 2018, inakuruhusu kubadilisha hesabu ya wimbo mzima au sehemu yake, na hata TR-808 ile ya zamani ilikuwa na swichi ya kugawanya mapigo kwa tatu. Njia ipo na imekuwapo siku zote. Anayekosekana ni mtu wa kuitafuta, kwa sababu huwezi kutafuta kitu ambacho mwili wako haujawahi kukifanya. Ndiyo maana nasema lawama iko kwenye mpangilio wa mafunzo.

Jambo jingine linahusu sauti za Wamaasai, ambazo kwa hapa kwetu ni utajiri uliopo mlangoni. Kundi la X Plastaz, lililoanza hapa Arusha katika miaka ya 1990, lilizichanganya sauti hizo na hip hop na kusikika hadi Ulaya, na tangu hapo prodyuza wengi wamejaribu kufuata. Katika uimbaji wa Kimaasai olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, hutangulia na kundi hujibu, na mdundo unabebwa na koo na pumzi za waimbaji wenyewe. Ninachokiona mara nyingi ni kijana kuchukua rekodi, kukata kipande kifupi kinachotosha visanduku vyake, na kukirudia wimbo mzima. Anakata pale kisanduku kinapoishia, si pale pumzi ya mwimbaji inapoishia. Linaniumiza hilo, kwa sababu mwimbaji akisikia anajua kwamba hakusikilizwa.

Pendekezo langu ni kwamba mafunzo yoyote ya kutengeneza biti yanayotumia fedha za umma yaanze na wiki kadhaa za mikono, miguu na sauti, pamoja na mtu anayejua ngoma, kabla kompyuta haijawashwa.

Mchangiaji, Pasua, Moshi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa hesabu ya viganja, kwani nimeijaribu mezani na nimekuelewa. Hata hivyo sikubaliani nawe. Umezungumza kana kwamba kila kijana anakuja mikono mitupu. Huku Kilimanjaro watoto wengi wamepita kwenye kwaya za Kilutheri na kwenye vikundi vya tarumbeta. Wameimba kwa do re mi tangu shule ya Jumapili, wamehesabu nyimbo za mapigo sita, na wamejifunza kumngoja kiongozi wa kwaya. Kijana kama huyo ukimweka wiki kadhaa akipiga makofi, utampoteza. Anachokosa ni kompyuta, na ndicho alichokujia.

Pili, naomba tuitazame singeli, muziki ule wa kasi wa mitaani. Vijana wa Dar es Salaam waliijenga kwenye kompyuta, wakachukua vipande vya mchiriku, muziki wa ngoma na kinanda wa mitaani kwao, na vya taarabu, wakaviharakisha hadi tempo ikapita 200, na dunia ikaja kuwasikiliza. Hakuna aliyewaambia waanze na ngoma darasani. Kompyuta yenyewe iliwafundisha, kwa sababu inakuonyesha kwa macho kile ambacho sikio bado halijakitenganisha. Mimi nilielewa kazi ya besi na kiki baada ya kuviona vimepangwa kwenye skrini.

Mchangiaji, Unga Limited, Arusha

Naongea kwa niaba ya wenzangu katika kikundi chetu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Mkopo hauna riba, lakini unarejeshwa. Kikundi kikikopa kwa ajili ya kompyuta, kadi ya sauti na maikrofoni, marejesho hayatasubiri tujifunze kupiga makofi. Wateja wanaokuja kwetu wanataka biti inayofanana na amapiano au Bongo Fleva waliyoisikia redioni, na zote hizo zinahesabiwa kwa nne. Hakuna mteja aliyewahi kutuomba mapigo kumi na mawili. Mwalimu, kwa heshima zote, pendekezo lako ni zuri kwa mtu ambaye chakula chake cha jioni kimeshapatikana.

Nakubaliana nawe kuhusu sauti za Wamaasai. Hilo halina ubishi.

Mzazi, Kiboriloni, Moshi

Mimi si mwanamuziki. Kijana wangu anashinda na kompyuta na nataka kuelewa jambo moja tu: ameniambia kwamba programu ameipata bure kutoka kwa rafiki yake. Je, hilo ni sawa, na kama si sawa, mnaofundisha mnaliruhusu?

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Nianze na mama, au baba, wa Kiboriloni. Si sawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inayomlinda mwanao dhidi ya mtu atakayeiba biti yake, inalinda pia programu za kompyuta. Zipo njia halali. LMMS ni programu ya bure kabisa inayofanana kwa mpangilio na FL Studio, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya kurekodi sauti ya mwimbaji, kazi ambayo Audacity, nayo ya bure, inaifanya vizuri. FL Studio yenyewe ina toleo la majaribio linalokuruhusu kutoa wimbo uliokamilika, isipokuwa kazi uliyoihifadhi haitafunguka tena mpaka ununue leseni. Kwa anayejifunza, kumaliza biti kwa kikao kimoja ni zoezi jema sana. Kwangu programu ya wizi haiingii darasani.

Ndugu wa Pasua, marahaba. Hoja yako ya kwaya inanipa nguvu zaidi kuliko unavyodhani. Watoto hao wameshapita hatua ninayoidai. Mikono na sauti zao zilitangulia kompyuta kwa miaka. Nani asiyetaka mwanafunzi wa namna hiyo? Wapimwe siku ya kwanza, na anayeweza kushika mapigo sita na kuyapishanisha na manne bila kuyumba apewe kompyuta siku hiyo hiyo. Lakini Arusha mjini nawapokea vijana wengi ambao hawakupita kwaya, hawakupita ngoma, na muziki wote wanaoujua wameupata kwenye simu. Hao ndio ninaowasemea.

Kuhusu singeli, tusisahau kwamba wale vijana walikulia katikati ya mchiriku wenyewe. Waliusikia kwenye shughuli za mtaani, wakaucheza, na walipokaa kwenye kompyuta walikuwa na kitu cha kuharakisha. Waliuharakisha bila kuuvunja kwa sababu walijua unapokaa.

Ndugu wa Unga Limited, maneno yako ni mazito na sitayapita juu juu. Ni kweli marejesho hayangoji. Basi tuyaweke hivi: kundi lenye mkopo lifanye kazi za wateja kwa nne kama kawaida, na kila siku ya mafunzo ianze na saa moja ya mikono kabla ya kuwasha mashine. Muda huo hauzuii kazi yoyote ya mteja. Lakini naomba ulitazame soko unalolitaja. Biti inayofanana na ile ya redioni inaweza kutengenezwa na kijana yeyote wa Lagos, Johannesburg au Dar es Salaam, na mteja wako anaweza kuipakua intaneti usiku huu bila kukujua. Kitu ambacho hawezi kukipakua ni ngoma ya hapa iliyopangwa na mtu anayeijua, yenye hesabu yake kamili. Kijana wa Unga Limited anayeshindana kwa kuiga anashindana na dunia nzima kwa bei inayoshuka kila mwaka. Hamwombwi mapigo kumi na mawili kwa sababu mteja hajayasikia kutoka kwenu, wala hajui kwamba mnaweza kumpa.

Kwa hiyo pendekezo langu sasa linasimama hivi. Yeyote anayefundisha kwa fedha za umma awe na jaribio moja la kuhitimu: kijana apewe rekodi ya ngoma asiyoijua, atafute hesabu yake kwa mikono, kisha aijenge kwenye programu bila kuruhusu mapigo yavutwe kwenye visanduku visivyo vyake, na mpigaji wa ngoma ile aketi, asikilize, na aseme kama anaweza kuicheza. Akisema haiwezekani kuchezeka, kijana anarudi mezani.

Ndugu wa Pasua, wewe una vijana wa tarumbeta karibu nawe. Je, mmoja wao akipewa jaribio hilo leo, ataanzia kwenye skrini au ataanza kwa kugonga meza? Naomba umpe kweli, kisha utuletee majibu, yawe yanaunga mkono upande wako au wangu.

Mchangiaji, Pasua, Moshi

Nimekubali. Ninaye mmoja anayepiga tarumbeta ya besi kanisani na ana LMMS kwenye kompyuta ya kaka yake. Nitatafuta mzee mmoja wa ngoma huku Rau akubali kurekodiwa, na akubali pia kuja kusikiliza. Ila nami naweka sharti langu: kijana asiambiwe lolote kuhusu mikono wala skrini. Aachwe aanze anapotaka, nasi tukae nyuma yake tuangalie.