Mrejesho: ile Grenache ya asilimia 15.5

Wakuu, niliuliza kama mvinyo mwekundu wa Grenache (aina ya zabibu) wenye kilevi cha asilimia 15.5 utaniunguza koo, mkaniambia niupoze kwanza. Mrejesho ndio huu.

Glasi ya kwanza niliionja bila kupoza, makusudi. Moto mtupu! Pua ilikutana na spiriti kabla ya tunda. Chupa ikaingia friji, ikashuka hadi nyuzi 16 hivi, na hapo stroberi zilizoiva sana zikajitokeza, pilipili nyeupe kwa mbali, na utamu ambao nahisi si wa sukari bali wa kilevi chenyewe. Rangi yake si nzito, maana ganda la zabibu hii ni jembamba. Uchachu haba, kwa hiyo bila nyama mvinyo huu unachosha haraka. Na msiinuke ghafla kwenye kiti.