Kuni nje msimu wa mvua Tukuyu: turubai, upenu au banda la bati?

Chai_Rungwe: Wakuu, huku mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Nina kuni za mlingoti (mkaratusi), zimeshachanjwa: lundo la urefu wa mita 3, upana mita 1. Nifunike turubai, nipange upenuni, au nijenge kibanda cha bati? Hela si nyingi.

Nyundo_Moja: Turubai lenyewe halina tatizo, tatizo ni ufungaji. Watu wanalishusha mpaka chini pande zote. Unyevu unaotoka kwenye kuni unakosa njia, unageuka matone chini ya turubai na kurudi kulekule, kisha magome yanaota ukungu. Funika juu tu, pembeni lishuke sentimita 20 hadi 30 basi. Laza gogo refu katikati ili turubai lipate mgongo, la sivyo maji yatatuama na kupenya kwenye tundu dogo lolote. Jua nalo litalichanachana, usitegemee miaka mingi.

Mama_Mafiga: Upenu ni wa bure, ila wenye sentimita 50 haukingi lundo la mita nzima. Maji ya batini yakigonga ardhi yanaruka na tope, safu za chini zinalowa kila siku. Halafu mchwa! Kuni zikigusa ukuta, wanapanda kimyakimya hadi kwenye kenchi. Acha nafasi ya sentimita 10, na weka hapo kuni za wiki hii tu.

Nyundo_Moja: Kwa masika ya huko, banda. Nguzo za mbele mita 2, za nyuma mita 1.6, mabati matano ya futi 8, yazidi lundo kwa sentimita 50 au zaidi mbele na nyuma. Usizibe kuta. Upande unaoleta mvua ya upepo pigilia mabanzi yenye nafasi kati yake. Chini panga mawe au tofali, juu yake fito, kuni ziwe sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini. Hapo ndipo wengi wanapobania, na safu ya chini inaoza hata bati likiwa jipya.

Chai_Rungwe: Nguzo nipake oili chafu?

Mama_Mafiga: Wengi wanapaka, lakini ikinyesha inaingia kwenye udongo, na kama una bustani karibu si vizuri. Simamisha nguzo juu ya jiwe au zege, mchwa utawaona wakijenga njia, unaikwangua.

Mkata_Gogo: Nyongeza: mlingoti uchanjwe ukiwa mbichi, ukikauka nyuzi zinajisokota na shoka linakwama. Chanja Juni ili upate kiangazi chote hadi Oktoba. Zilizokauka zina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili zinalia kwa ukali, si kwa mdundo mzito. Za kesho zipandishe kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi utamalizia.

Chai_Rungwe: Basi banda. Turubai litakinga mpaka mabati yafike.

Nyundo_Moja: Sawa, ila juu tu!