Kusaga valvu kwa pasti, kukata engo tatu au kuweka valvu kubwa: kipi kinalipa?

Dereva wa Kisesa: Wakuu, habari za jioni. Hiace yangu ya injini ya 1RZ iko Nyakato, Mwanza, hedi (kichwa cha injini) imefunguliwa. Ikijaa abiria ilikuwa inachoka mno kwenye vilima. Fundi mmoja anasema valvu, ile milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, tuzisage kwa pasti ya kusagia tu. Wa pili anataka siti, pale valvu zinapokalia, zikatwe engo (pembe) tatu. Wa tatu ananishawishi valvu kubwa. Nataka injini ipumue. Nishaurini.

Mzee wa Leithi: Mdogo wangu, valvu kubwa achana nazo. Valvu ikishainuka robo ya kipenyo chake, upenyo unaozunguka kichwa unakuwa umelingana na tundu lenyewe. Zaidi ya hapo kinachobana hewa ni njia ya ndani ya hedi. Faida iko pale inapoanza kufunguka na inapokaribia kufunga, maana kila mzunguko inapita hapo mara mbili. Siti ya nyuzi 45 peke yake ina kona kali, hewa inaachana na ukuta. Kata nyuzi 30 upande wa chumba cha moto na 60 upande wa njia, kona zinalainika. Kisha valvu ya kuingiza hewa ikatwe mgongoni, nyuma ya kichwa chake, nyuzi 30, iishie karibu na inapokalia. Kazi hiyo naiamini kuliko zote.

Binti Gereji: Shikamoo mzee. Naongezea upana wa siti. Ya kuingiza hewa milimita 1 hadi 1.5 inatosha. Ya eksozi iwe pana zaidi, karibu 1.5 hadi 2, kwa sababu valvu hiyo hupoa kupitia siti. Ukiipunguza kutafuta upepo, itaungua. Pasti inaziba uvujaji tu, umbo halibadiliki. Na kama gaidi, mirija inayoongoza mashina ya valvu, zimelegea, kila kitu hapo ni kazi bure, anza nazo.

Mwaloni: Kaka, kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ilipimwa? Ziwa letu Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar. Injini tayari inapata hewa kidogo, halafu ivuje tena! Kazi ikiisha, funga plagi, geuza hedi, mimina petroli kwenye chumba cha moto. Ikichuruzika kwenye njia, irudishe kwa fundi.

Dereva wa Kisesa: Asanteni sana. Huo mgongo unakatika kwa drili na msasa?

Mzee wa Leithi: Marahaba binti yangu, umesema kweli. Dereva, msasa ni wa kung'arisha. Kukata ni mashine ya valvu, drili itakutoa katikati. Siti ikikatwa valvu inazama na shina linapanda, kwa hiyo mwambie fundi akague tapeti, yaani ile nafasi juu ya shina, kabla ya kuwasha. Na pasti ioshwe yote, ikibaki inakula ringi na silinda.

Dereva wa Kisesa: Engo tatu basi. Kesho asubuhi naipeleka hedi, gaidi zipimwe kwanza.